Kinachobaki kwenye baki

Mjomba wangu alipiga watu eksirei kwa miaka 31. Amestaafu siku nyingi, lakini ukikaa barazani kwake Barabara ya 14, Ngamiani, mjini Tanga, hutamaliza kikombe cha pili cha kahawa kabla hujajua alikuwa nani. Mtoto akija mbio akajikwaa kizingitini, mjomba atamshika bega: "Vuta pumzi. Zuia." Atanyamaza kidogo kama anasubiri mashine ilie. "Haya, pumua." Na kila tarehe 8 Novemba humkumbusha yeyote apitaye kwamba siku kama hiyo, mwaka 1895, Wilhelm Röntgen akiwa peke yake maabara kule Würzburg, Ujerumani, aliona kibao kilichopakwa dawa kinang'aa gizani, ilhali mrija wake wa umeme ameufunika gubigubi kwa karatasi nyeusi. Anavyosimulia, utadhani alikuwepo akimshikia kibao.

Nimekuja likizo msimu huu wa kaskazi, na jioni ya pili nikaenda kumwamkia. Walikuwa wanne mezani, dhumna inapigwa. Yeye huniita mjomba nami namwita mjomba, kama ilivyo kwetu.

"Mjomba," akasema bila kuinua macho kwenye vipande vyake, "mama yako ananiambia huko Ulaya unapiga eksirei maziwa."

"Ndiyo, mjomba."

"Yamevunjika wapi?"

Walicheka mpaka muuza kahawa akasimama kuuliza kulikoni. Nikacheka nami, ila usiku ule sikulala vizuri. Miaka minne nahangaika na jambo hili, nimelieleza mbele ya maprofesa kwa lugha yao, na sikuwa na sentensi tatu za kumweleza mtu aliyeishi na mashine ya eksirei kuliko mwalimu wangu yeyote. Haya ninayoandika ni yale niliyomjibu kwa siku tofauti, pamoja na yale niliyoyakumbuka nimeshafika nyumbani.

Nianze na maziwa yenyewe. Mama alikuwa na ng'ombe wawili Pongwe. Ya asubuhi yalipakiwa kwenye baiskeli kwenda kituo cha kukusanyia, ya jioni yalikuwa yetu, na tuliyoshindwa kuyamaliza yaliwekwa kwenye kibuyu yagande. Maziwa hata ukiyaengua mafuta yote bado ni meupe. Weupe huo unatokana na vibonge vya protini iitwayo kaseini, vyenye upana wa nanomita 100 hadi 200 hivi. Nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Kwenye upana wa unywele mmoja ungepanga vibonge kama 500. Kila kibonge kina maelfu ya molekuli za kaseini na punje ndogo mno za fosfati ya kalsiamu, na kwa nje kimeota kama manyoya yanayokizuia kushikana na jirani yake. Maziwa yakichachuka, asidi hulaza yale manyoya, vibonge vinang'ang'aniana, na asubuhi mama anatikisa kibuyu na kusikiliza kwa sikio kama mtindi umekubali.

Sasa waulize wataalamu wa maziwa ndani ya kibonge kumepangwaje. Huyu atakupa jibu lake na mwenzake atakupa la kwake. Kwenye grafu ya eksirei ya maziwa kuna kinundu kimoja kidogo ambacho watu wamekigombea kwa miaka: hawa wanasema ni zile punje za kalsiamu, wale wanasema ni protini zenyewe zilivyokaa. Mimi ugomvi huo sijauingia. Nimepewa molekuli moja tu, kaseini ya beta, mnyororo wa asidi amino 209, yaani vipande vinavyojenga protini, usio na umbo la kudumu. Protini nyingi hujikunja zikawa na sura unayoweza kuichora ukaitundika ukutani. Hii ni kama uzi wa mkonge uliotupwa baharini: sasa hivi una sura moja, ukipepesa jicho una nyingine. Natakiwa nijue uzi huo huchukua sura zipi, na ipi mara nyingi zaidi.

Darubini ya mwanga haifiki huko, mawimbi ya mwanga ni manene kuliko kitu chenyewe. Darubini ya elektroni inataka kitu kigandishwe kikae kimya, na changu sifa yake kubwa ni kutokukaa kimya. Eksirei zina mawimbi ya kiasi cha sehemu moja ya kumi ya nanomita, na zinapita majini. Ila hakuna lenzi ya kuzikusanya zikakupa picha ya molekuli moja inayoogelea. Unachoweza kufanya ni kupitisha mwale kwenye tone la maji yenye protini, ukatazama miale imekengeukia wapi.

Hapo ndipo kazi ya mjomba na yangu zinapopishana mlangoni.

Mjomba alikuwa anapiga kivuli. Miale iliyotoka kwenye mrija ikapita moja kwa moja mpaka kwenye filamu ndiyo inayochora: mfupa umezuia, nyama imepitisha. Lakini mwili wa mtu, hasa tumbo nene, hutawanya miale kila upande, na hiyo iliyotawanyika ikifika kwenye filamu inaleta ukungu. Dawa yake aliipata Gustav Bucky, Mjerumani, mwaka 1913: kichujio cha vipande vyembamba vya madini ya risasi, kinachopitisha miale iliyonyooka na kunasa inayokuja mshazari. Chini ya meza ya mjomba palikuwa na sehemu yenye kichujio hicho, na wapiga eksirei wote waliiita kwa jina la yule Mjerumani. "Tia kaseti kwenye baki," yaani lile kasha la filamu. Nilipokuwa darasa la nne nikimpelekea chakula cha mchana, niliamini hilo ni neno letu, kwamba ni mahali pa kutilia vilivyobaki.

Sikukosea sana. Kilichobaki kwenye baki ya mjomba miaka yote ile ni mtawanyiko, na mtawanyiko ndio chakula changu. Sisi tunafanya kinyume chake kabisa: mwale ulionyooka tunauziba kwa kipande kidogo cha chuma usije ukaunguza ditekta, kile chombo kinachopokea miale, halafu tunakusanya kile kilichokwenda pembeni, kiduchu kiduchu.

Nilipomwambia hivi aliweka kipande chake chini.

"Yaani takataka."

"Takataka, mjomba."

"Miaka 31 natupa, kumbe kuna watu wanaokota."

Kesho yake asubuhi alikuwa ameshanifikiria na kunikamata. Akaniuliza miale yangu inakengeuka kwa pembe ya nyuzi ngapi. Nikamwambia mara nyingi chini ya nyuzi tano, na sehemu ninayoitaka zaidi haifiki hata nyuzi moja. "Basi yako," akasema, "ilikuwa inapita kwenye baki." Ni kweli, na lazima niwe mkweli hapa pia. Mtawanyiko mwingi unaonaswa na kile kichujio ni ule wa miale iliyogonga elektroni, ikapoteza sehemu ya nguvu yake na kwenda upande mwingine kabisa. Wangu haupotezi nguvu, unapinda kidogo tu. Baba mmoja, mama mbalimbali. Huo wangu ulikuwa unapita kwenye risasi za mjomba bila wasiwasi na kuzama ndani ya filamu, kando kabisa ya ile miale iliyonyooka, ukiwa hafifu kiasi kwamba hakuna daktari angeuona.

Ijumaa usiku tulikwenda Raskazone, mjomba, mkazamjomba na mimi, bajaji moja. Joto lilikuwa limekatika na upepo wa baharini unakuja vizuri. Meli moja ilikuwa imetia nanga, na juu ya mlingoti wake taa moja nyeupe. Nikavua mtandio wangu, ni wa shifoni ule mwepesi, nikamwambia mjomba aunyooshe kwa mikono miwili mbele ya jicho moja na aitazame ile taa.

Akanyamaza.

"Zimekuwa nyingi," akasema. "Zimejipanga kama alama ya kujumlisha."

Nikamwambia aangalie rangi. Akasema pembezoni kuna bluu kwa ndani na nyekundu kwa nje. Mkazamjomba akamnyang'anya, akatazama, akasema subhanallah, akarudisha. Nikamwambia mjomba ausogeze mtandio kulia. Vile vitaa havikusogea. Kushoto, havikusogea. Juu, chini, wapi. Halafu nikamwambia auzungushe kama usukani. Alama yote ikazunguka nao.

Kama unao mtandio wa namna hiyo, jaribu leo kwa taa iliyo mbali, maana hilo ndilo tatizo langu zima mbele ya jicho lako. Mwanga umepita katikati ya nyuzi, mawimbi yakakutana ng'ambo; penye kuafikiana pakawa na taa, penye kupingana pakawa giza. Ile alama inakuambia nyuzi zimeachana kiasi gani na zimelala upande gani. Mtandio wenyewe uko wapi haikuambii, na ndiyo maana kuusogeza hakubadilishi kitu. Jicho, kama ditekta, linahesabu tu mwanga ni mwingi kiasi gani. Habari ya kwamba wimbi lipi lilitangulia na lipi lilichelewa imepotea njiani, na bila hiyo huwezi kurudi kinyumenyume ukaichora nguo.

Na mimi sina hata nguo moja iliyonyooshwa. Fikiria mitandio bilioni inayopeperuka, kila mmoja umeelekea kwake. Alama za kujumlisha zinapandiana mpaka zinakuwa mduara, kama ule unaouzunguka mwezi usiku wa mawingu mepesi. Ukipima mwanga kutoka katikati kwenda nje unapata mstari mmoja kwenye karatasi, umeanza juu unateremka. Huo ndio mshahara wa kazi yote. Mstari mmoja unaoteremka.

Mstari huo una mambo, lakini. Mwanzo kabisa, karibu na mwale, unabeba ukubwa wa molekuli nzima. Mfaransa André Guinier alionyesha miaka ya 1930 kwamba kutokana na mteremko wa hapo mwanzo unaweza kupata kipimo cha jinsi uzito wa kitu ulivyotandaa kutoka katikati yake. Mbele kidogo unasoma kama protini imejikunja au imelegea. Kuna namna ya kuuchora upya mstari uleule, tunaiita kwa jina la Otto Kratky wa Austria, ambapo protini iliyojikunja inatoa kilima na iliyolegea inapanda tu bila kushuka. Mbele zaidi unasoma uso wake na vitu vya ndani.

Ila mstari hauna jina la mtu. Nilimweleza mjomba hivi: chukua nyumba zote za Ngamiani, pima umbali wa kila nyumba hadi kila nyumba nyingine, andika orodha ndefu ya namba bila kusema ni nyumba zipi. Orodha tu. Peter Debye aliandika mwaka 1915 kanuni inayokupeleka kutoka orodha kama hiyo hadi kwenye mtawanyiko, na bado tunaitumia. Kutoka ramani kwenda orodha ni hesabu ya kompyuta ya sekunde. Kurudi kutoka orodha kwenda ramani ndio mtihani. Utagundua kuna barabara zimenyooka, maana umbali fulani unajirudia. Lakini ramani iliyogeuzwa kama kwenye kioo itakupa orodha ileile, namba kwa namba, na utakuwa umempeleka mtu upande mwingine wa mji. Na kama nyumba zenyewe zinahamahama usiku na mchana, kama uzi wangu wa mkonge, orodha uliyonayo ni wastani wa ramani elfu nyingi.

Ndiyo sababu nusu ya siku zangu siko maabara, niko mbele ya kompyuta naigiza molekuli. Simulesheni, kwa watu wa kazi. Kila atomu unaifanya kitufe, kila kiungo kati ya atomu mbili ni springi, vitufe vingine vina chaji vinavutana au kusukumana, na pande zote umejaza maji, nayo atomu kwa atomu. Unahesabu nguvu inayokivuta kila kitufe, unatumia sheria ya Newton, unakisogeza kidogo, unaanza upya. Hicho "kidogo" kwa kawaida ni femtosekunde mbili, na femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa kwa milioni ya bilioni. Ili upate mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, ya maisha ya protini inabidi urudie mara milioni 500. Protini ya kwanza kuigizwa hivi ilikuwa ndogo, asidi amino 58, mwaka 1977, na iliishi ndani ya kompyuta pikosekunde 9.2 tu, na pikosekunde moja ni femtosekunde elfu. Martin Karplus, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, alikuja kugawana Nobeli ya kemia ya mwaka 2013 na Michael Levitt na Arieh Warshel. Mimi nazungumza na kompyuta iliyoko mbali kwa bando la simu, nimekaa kwenye jamvi Mikanjuni kwa mama, na kazi inaendelea hata umeme wa huku ukikatika.

Kisha unachukua sura zote zilizopita kwenye uigizaji, kila moja unaihesabia mtawanyiko wake kwa mtindo wa Debye, unazijumlisha kwa wastani na kuulaza mstari huo juu ya ule uliopimwa. Vikilaliana, una haki ya kusema sura hizi zinawezekana. Visipolaliana, kuna mwongo, na lazima umjue ni nani.

Mara ya kwanza mwongo alikuwa kompyuta yangu. Kaseini ilianza imejinyoosha, na baada ya siku mbili za kuhesabu ikawa imejibana kama andazi. Nililipenda lile andazi. Nililipaka rangi, protini zambarau, maji ya bluu hafifu, nikaliweka kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo yangu. Mstari uliopimwa ulisema uzi umelegea, umetandaa. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana: kwa miaka mingi jedwali za nguvu tunazozitumia, zile zinazoiambia kompyuta atomu zinavutana kiasi gani, zilitungwa kwa ajili ya protini zilizojikunja, na zile zilizolegea ziliishia kubanwa kupita kiasi, mpaka vipimo vya eksirei na vingine vikazikataa, watu wakarudi wakaongeza mvuto kati ya maji na protini. Nilibadilisha jedwali, uzi ukafunguka. Tangu hapo sizipendi picha za molekuli zenye rangi nzuri. Mtu akinionyesha, namuomba mstari.

Hatari ya upande wa pili ipo pia na naiona kila mkutano. Mtu ana sura elfu kumi na mstari mmoja. Akichagua kwa subira atapata sura hamsini ambazo wastani wake unalaliana na mstari barabara, halafu atakuambia hizo ndizo. Wengine hamsini tofauti wangelaliana vilevile.

Jambo moja nililompa mjomba likamfurahisha kuliko yote lilikuwa la lisozaimu. Hiyo ni protini iliyomo kwenye ute wa yai na kwenye machozi, Alexander Fleming aliitambua mwaka 1922, miaka sita kabla ya penisilini. Ile ya yai ina asidi amino 129, imejikunja vizuri, haina visa, kwa hiyo tunaitumia kupimia kama mashine iko sawa. Mwaka 1998 Dmitri Svergun na wenzake walipima protini kadhaa, lisozaimu ikiwemo, kwa eksirei na kwa nyutroni, wakaona maji yanayoigusa protini yamesongamana zaidi ya maji ya kawaida, kama asilimia 10. Yaani protini majini imejifunga kanga ya maji. Ukiisahau kanga hiyo kwenye hesabu, protini yako inatoka nyembamba kuliko ilivyo.

"Hata kwenye machozi?" akauliza mkazamjomba, ambaye tulidhani amelala.

Hata kwenye machozi.

Sikumweleza mjomba habari ya usiku wangu wa Grenoble mpaka aliponibana. Grenoble ni mji wa Ufaransa, milima pande zote lakini wenyewe tambarare kama sinia, na watu wanaendesha baiskeli kama Tanga. Inapokutana mito ya Drac na Isère ndipo ilipo ESRF, mtambo mkubwa wa kutoa eksirei, duara lenye mzingo wa mita 844, yaani uwanja wa riadha mara mbili na kidogo, ambamo elektroni huzungushwa karibu na mwendo wa mwanga. Kila sumaku inapozikunja kona zinatoa eksirei kali zisizo na mfano na za hospitali. Watu huomba zamu miezi mingi kabla. Sisi tulipata siku moja na usiku wake.

Kazi yenyewe ni ndogo kuitazama. Tone la protini linavutwa kwenye mrija wa kioo wenye upana wa milimita moja, linapita mbele ya mwale huku linatembea, ditekta inachukua picha kumi za sekunde moja moja. Kisha unapima bafa: maji yaleyale, chumvi ileile, bila protini. Unatoa ya pili kwenye ya kwanza. Kinachobaki ndicho protini. Sasa, kwenye tone langu protini ilikuwa chini ya asilimia moja ya ujazo. Karibu kila unachopima ni maji. Kwa hiyo maji mawili lazima yawe ya tumbo moja. Unaifunga protini kwenye kifuko cha utando, unakiloweka kwenye bafa usiku kucha mpaka chumvi ya ndani na ya nje zilingane, na bafa uliyolowekea ndiyo hiyohiyo unayokuja kuipima. Si nyingine uliyochanganya kwa kipimo kilekile.

Mimi bafa yangu niliimwaga. Siku moja kabla ya safari niliosha vyombo vyote vya maabara, kwa ule usafi niliolelewa nao, nikaimimina chupa nzima kwenye sinki, nikasuuza na kuigeuza ikauke. Nikatengeneza nyingine kwa mizani nzuri, nikajiona hodari.

Saa tisa usiku, sampuli ya kwanza ya kaseini, nikatoa bafa. Mstari ukateremka vizuri, ukateremka, ukafika sifuri, ukaendelea kuteremka. Chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba maji yangu matupu yanatawanya kuliko maji yenye protini, jambo ambalo haliwezekani ila kama maji hayo mawili hayafanani. Chumvi ilizidi kidogo, chembe ambayo ulimi usingeitambua. Nikapima ya pili, ya tatu, kama mtu anayefungua jokofu mara nne akitarajia samaki amerudi. Sampuli kumi na moja. Lisozaimu peke yake, iliyokuja na kichupa chake cha bafa, ilitoka safi kama ya kitabuni. Niliporudi miezi minane baadaye nilibeba chupa ya bafa mapajani safari nzima, imeandikwa kwa kalamu nyekundu USIMWAGE, kwa Kiswahili, na mwenzangu Mjerumani akaniuliza kama ni jina la protini.

Mjomba alisikiliza yote hayo bila kucheka, akauliza swali ambalo angeuliza tu mtu aliyevaa beji ya kupimia mionzi kifuani ujana wake wote.

"Mionzi kali namna hiyo. Hiyo protini haiungui?"

Inaungua. Eksirei hupasua molekuli za maji, vipande vinavyozaliwa vina hasira, vinaishambulia protini, nazo zinaanza kushikana. Unaliona kwenye zile picha kumi: ya kwanza iko sawa, ya saba mwanzo wa mstari umeinuka, maana vimeanza kutokea vitu vikubwa. Ndiyo sababu tone linatembea, kila picha ikute protini mpya, na ndiyo sababu tunazilinganisha picha zote kumi kabla ya kuzijumlisha. Zilizoungua unazitupa.

"Sisi tulikuwa na beji," akasema. "Yako haina beji. Ile picha ya saba ndiyo beji yake." Nimeiandika kwenye daftari langu, nitaitumia siku nikifundisha.

Juzi saa tano usiku, simu. Ujumbe wa sauti, upepo umejaa.

"Mjomba. Niko juu kwa jirani. Nimeitazama taa ya mnara wa msikiti. Chandarua hakina kitu, taa imebaki taa. Mtandio wako vitaa vipo, vimekaribiana. Sasa nimechukua mwavuli." Hapo mkazamjomba anasikika kwa mbali akiuliza kama ana akili, mwavuli usiku na mvua hakuna. "Mwavuli vimeachana, mjomba, vimeachana mbali. Nikashuka, nikachukua ile lenzi yangu ya kusomea filamu, nikahesabu nyuzi. Chandarua matundu makubwa. Mtandio madogo. Mwavuli nyuzi zimesongamana hata huzioni. Mbona iko kinyume? Kadiri nyuzi zinavyokaribiana, taa ndivyo zinavyoachana. Nakosea wapi?"

Hajakosea popote. Nakwenda kwake leo baada ya alasiri, na nitaudai mtandio wangu.